Maji ya Mashini Yangu Chini ya Ukuta wa Mama Ernestine

Mpendwa Mama Simone,

Naomba msaada, na kama unaweza, barua hii uisome leo, usingoje siku ya kipindi chako cha redio, juu Jumamosi ni karibu na kuna kijana atafukuzwa mtaani kabisa, labda atafungwa, kwa kitu nilichofanya mi.

Ninaitwa Jessica, nina watoto watatu, ninakaa hapa Kolwezi. Bwana yangu Josias ni mtu wa biashara, anashinda Dilolo mpakani miezi miwili, miezi mitatu, kisha anarudi. Safari hii kabla ya kuondoka alituletea mashini ya kufulia, akaiacha ndani ya karatoni, akaniambia ningoje fundi wa maji aje kuifunga, na yule fundi kila siku alikuwa anasema kesho, na mi nilikuwa nimekwisha kuwaambia wafanyakazi wa mgodi wa hapa jirani kwamba nitawafulia salopette zao, yaani ovaroli za kazi, zikarundikana mpaka mlangoni na vumbi lao jekundu, basi nikaona niifunge mwenyewe. Kuingiza maji haikunishinda. Kuyatoa ndiko kulinishinda. Ilitakiwa maji yafike mfereji wa barabarani, kama hatua kumi na tano, na tiyo, ule mpira wa kutolea maji, niliyokuwa nayo ilifika hatua nne tu, nikatoboa ukuta wetu, nikaipitisha chini, nikaifukia kwa udongo ili mtu akiangalia aone kama inaendelea mpaka barabarani. Haiendelei. Inaishia palepale, kati ya nyumba yetu na nyumba ya Mama Ernestine.

Mama Ernestine ni mjane, alitoka Lubudi zamani, analea wajukuu wawili, na nyumba yake ni ya matofali ya udongo yasiyochomwa. Chumba cha nyuma anakipangisha kwa Sadrack, kijana wa miaka ishirini na kitu, ni creuseur, anatoka asubuhi na beshi yake, lile sepeto la kuchimbia, kwenda kuchimba kobalti, anarudi jioni mwekundu kwa vumbi, anasalimia, anaoga, analala. Mi nilikuwa ninafua mara tano, mara sita kwa siku, na kila mara mashini inatapika maji kama bidoni tatu, yale madumu makubwa, miezi miwili sasa, na yote yalikuwa yanaingia chini ya ukuta wa Mama Ernestine.

Wiki tatu zilizopita ukuta wa chumba cha wajukuu ukapasuka, toka chini mpaka kwenye dirisha, na sakafu ikashuka upande mmoja. Unajua hapa kwetu mtu akiona sakafu inashuka anawaza nini. Kuna mahali watu walichimbiwa chini ya nyumba wakiwa ndani, wanapika na wanalala, wenzao wako chini wanafuata madini. Mama Ernestine akamwita Sadrack kwenye parcelle, pale uwanjani pake, majirani wote tukatoka.

Akamuuliza, "Nasikia chini ya nyumba kunalia, na we unasema haiko we?"

Sadrack akasema, "Mi nachimba ku karière ya kobalti, mama. Sichimbi mu nyumba yako. Vunjeni chini ya kitanda yangu, muangalie."

Wakavunja. Hawakukuta shimo. Watu wakasema shimo limeanzia mahali pengine, limefika chini sana, na vijana wawili wa mtaa wakamburuza mpaka barabarani wakampiga mdomoni, wakamtupia vitu vyake nje. Mi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na beseni mkononi.

Siku ileile, watu walipotawanyika, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaingiza mkono kwenye udongo pale tiyo inapoishia. Mkono ulizama mpaka kiwiko, matope, na povu la sabuni lilikuwa linatoka. Nikarudisha udongo, nikakanyaga. Mama Simone, kesho yake nilifua tena, juu salopette zilikuwa zinangojewa, na nisingefua wangeuliza kwa nini.

Nilimpigia Josias. Aliniambia, "Nyamaza. Usipeleke kinywa kwa chef wa mtaa. Ule kijana haiko wa hapa, ataenda kupanga pengine. Sisi njo tutabakia na ule mama."

Jumamosi saa nne Sadrack ataitwa kwa huyo chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, na wanasema polisi watakuwepo. Ukuta unaendelea kufunguka, jana niliona mwanga wa chumbani kwao ukipita. Wale watoto bado wanalala mle. Nikisema, bwana atanifukuza. Nisiposema, siwezi kumeza chakula. Nifanye nini?

Jessica, Kolwezi

*

Jessica mwanangu,

Barua yako ilinifikia Alhamisi saa nane, na saa nane na dakika tano nilikutumia ujumbe kwa simu: toa wale watoto mle chumbani sasa hivi, kisha ndipo usome mengine. Umenijibu kwamba umemwambia Mama Ernestine unaogopa mvua, na leo wanalala kwako. Vizuri. Lakini angalia, hata hapo hukusema ukweli. Umesema mvua.

Ninakuelewa, usidhani nimekaa hapa nina moyo wa jiwe. Mwanamke aliyeachiwa nyumba, fundi anayesema kesho, kazi uliyoitafuta mwenyewe, ningeweza na mimi kushika tiyo. Kufunga mashini vibaya ni kosa la mtu asiyejua, na mtu asiyejua anafundishwa. Lakini siku ulipozamisha mkono mpaka kiwiko ulijua. Kuanzia hapo usiniambie habari za fundi. Ulisimama na beseni ukaangalia mtu anapigwa, na kesho yake ukamwaga bidoni nyingine chini ya vitanda vya watoto. Hilo ndilo linalokunyima chakula, na mimi siwezi kukuondolea kwa maneno matamu.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomoa mashini kwenye umeme, funga bomba la kuingiza maji, na zile salopette zirudishe kwa wenyewe hata kama hazijakauka. Mtu asilale wala kupika karibu na ule ukuta, upande wao na upande wako, mpaka mwashi aliyezoea nyumba za udongo auangalie na kuuegemezea miti. Ukuta uliolowa unaweza kuanguka hata siku ya jua, usidanganyike na mbingu.

Usingoje Jumamosi saa nne. Nenda kwa Mama Ernestine kwanza, peke yako, umwambie nyumbani kwake, kwa sababu ni ukuta wake na asiisikie habari yake mbele ya polisi. Kisha ile Jumamosi uwe kwa chef saa tatu, kabla Sadrack hajaingia. Usiseme "labda ni maji." Sema ni maji yako, na waambie waje wafukue.

Kuhusu bwana yako: mpigie umwambie umekwisha kusema. Usimuulize. Tata Josias, kama unanisikiliza huko Dilolo, kijana "asiye wa hapa" ana mama mahali fulani, kama wewe ulivyo mgeni huko uliko sasa.

Na siku ukiifunga tena mashini, maana utaifunga tena, ni kazi yako na ni kazi nzuri, ifungwe hivi. Nyuma yake simamisha bomba la plastiki lililo pana kuliko ile tiyo, na ncha ya ile tiyo uitundike ndani ya mdomo wake, urefu wa kiuno cha mtu. Ukiilaza chini, maji yanajitoa yenyewe kabla nguo hazijafuliwa. Usiikaze kwa matambara, iache nafasi ya hewa. Chini ya bomba fundi aweke kona iliyopinda ya kubakiza maji kidogo ili harufu isirudi ndani. Toka hapo bomba literemke bila kukatika, kila kiungo kimegandishwa kwa gundi, mpaka kwenye puisard, yaani shimo lililojazwa mawe la kunyonya maji machafu, mbali na kila ukuta, wako na wa jirani, na mbali na kisima kabisa. Kama parcelle yako haina nafasi hiyo, basi tiyo imwage ndani ya pipa, na wewe ubebe. Ni kazi ya mgongo, lakini hakuna nyumba itakayoanguka. Kabla ya kufukia bomba, fua mara moja na upite na mkono kwenye kila kiungo. Penye unyevu, usifukie.

Hasira ya bwana utaivumilia, na akikufukuza nipigie, nitakuja kuzungumza naye mwenyewe. Mtoto wa mtu akifia chini ya ukuta ule, hakuna mtu wa kumpigia.

Mama Simone

*

Ujumbe wa Jessica, uliotufikia Jumapili:

Mama Simone, nilikwenda kwake Ijumaa asubuhi. Hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mboga ya lenga-lenga, akaendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza, "Tangu siku gani ulijua?"

Nikamwambia, "Tangu wiki tatu, mama."

Akasema, "Na kila asubuhi unaniuliza kama nimelala muzuri."

Tukaenda nyuma ya nyumba, nikamwonyesha mahali, akaingiza mkono yeye mwenyewe.

Jumamosi saa tatu tulikuwa ofisini kwa chef, yeye huku na mi huku, tumeachiana kiti kimoja katikati. Nilisema yote. Chef alituma watu wawili wafukue, wakarudi na kipande cha tiyo kinachovuja matope, wakakiweka mezani. Polisi akafunga daftari lake. Chef akasema ukuta nitaujenga mi na Josias, na mashini isiwashwe mpaka yeye aone shimo la maji kwa macho yake.

Sadrack alikuwa amekwisha kufika, amekaa karibu na mlango, kovu bado liko mdomoni. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Ulisema hapa mu bureau. Sema tena kule inje, bale balinipiga basikie."

Nikatoka. Kulikuwa na watu karibu ishirini kivulini, na wale vijana wawili walikuwemo. Nikaanza toka siku ya ile karatoni ya mashini. Sauti ilikuwa inaniisha. Sadrack alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniambia polepole, "Kwa nguvu, mama."

Nikasema kwa nguvu.