Kimya cha Bi Mwanakheri

Dada Swafiya,

Bahasha hii sikuitia gundi, nimefanya makusudi. Ukishaisoma wewe, wasomee na hao mahakimu wako. Simu ningeweza kukupigia, lakini ungeniambia "enhe" mara mbili tu nami ningegeuza maneno, nikuulize baridi ya huko uliko. Unanijua.

Nianze na mazuri, maana ndiyo mengi. Unakumbuka ulivyokuwa ukijitanda leso ya Mama ukawa jaji? Nilimshitaki paka kuwa amekula samaki wa kukaanga. Ukaniambia paka naye ana haki ya kusikizwa, ukamgeukia, ukamngoja ajibu. Ulimngoja sana. Mwisho ukahukumu kuwa samaki nimekula mimi, na ni kweli nilikula mimi. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ulipofanywa mkuu wa chuo, mwanamke wa kwanza pale, Mama alipika pilau akagawia majirani. Mmoja akamuuliza, huyu profesa ni daktari wa nini? Mama akajibu bila kufikiri, "Wa maneno." Mwaka ule nilikuja kukutembelea nikawakuta wanafunzi wako wamegoma. Watu wote wa ofisini wamejifungia, wewe ukawaambia askari wabaki langoni, ukaenda kukaa nao kwenye nyasi na daftari lako, tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilikuletea chai ukanionyesha kidole ninyamaze, kuna kijana anaongea. Ndipo nikajua kwa nini walikuita Mama Rufaa. Hukutia sahihi kumfukuza mwanafunzi yeyote kabla hajasema la kwake. Nilivyorudi kwetu Amu niliwasimulia watu ambao hata hawakuniuliza.

Kisha ukastaafu chuo, ukaingia kusomesha majaji na mahakimu walio kazini. Pale mahakamani ninapofanya ukalimani karani mmoja alinikejeli, "Jaji naye husomeshwa nini, Bwana Shee, si alishamaliza?" Nikamjibu kwa maneno yako, kwamba hakimu anayedhani amemaliza kusoma ndiye wa kuogopwa. Akarudi kwenye mafaili yake. Siku ile nilitembea kama mimi ndiye profesa.

Sasa lile jengine.

Unaikumbuka kesi ya shamba la minazi la Pate, ile unayoisomesha. Bi Mwanakheri, mtu mzima, hana wakili. Mtoto wa kakake anadai shangazi yake alimpa shamba lile mbele ya wazee. Hakimu alikuwa Bwana Kioko, kijana wa bara, Kiswahili chake kizuri lakini maneno ya wazee wa Pate yalimpita, ndiyo maana mimi mkalimani nikawapo. Wakili wa huyo mtoto wa kaka akamuuliza Bi, shamba ulimpa, hukumpa? Nikamgeuzia swali kwa lugha yake. Bi akavuta buibui mdomoni, akainamisha kichwa, akanyamaza.

Hakimu alikuwa akiandika, hakumtazama. Akaniuliza, "Amejibu?"

Nikasema, "Amekubali, mheshimiwa."

Nilisema kwa Kiingereza, Bi hakujua nimesema nini. Wakili akakaa. Ikaandikwa.

Dada, wallahi wakati ule sikuona kama nasema uwongo. Unajua kwetu. Mwari anaulizwa idhini yake, yuko nyuma ya pazia, ananyamaza, na sisi mashahidi tunatoka nje tunawaambia watu ameridhia. Nimetoka nje mara ngapi kusema hivyo? Hata kwa binti yangu mwenyewe. Mwanamke wa kwetu akiinamisha kichwa akinyamaza, ulimi wangu ulishazoea jibu. Lakini yule hakuwa mwari, na hakuwa akiozwa. Alikuwa bibi mzima anayetakiwa amwite mtoto wa kakake mwongo, mbele ya wanaume watupu. Aliona haya tu. Na ningemwambia hakimu kuwa amenyamaza, angemuuliza tena, labda kwa upole.

Hilo la kwanza ni kosa. La pili ni dhambi.

Bi aliposhindwa, bintiye alitafuta wakili, wakakata rufaa. Bwana Kioko akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza taratibu, "Bwana Shee, yule mama alitamka kwa mdomo wake?" Nilikuwa nimeshajua kuwa nilikosea. Nilikuwa nimeshalifikiria wiki nzima. Nikamwambia alitamka.

Akaniamini. Kule kwenye rufaa, yule mtoto wa kaka mwenyewe aliingiwa na imani akaapa kuwa shangazi yake hakufungua kinywa. Shamba likarudi kwa mwenyewe, alhamdulillahi, lakini Bwana Kioko aliandikwa vibaya sana, kwamba amemtilia shahidi maneno mdomoni. Baadaye akahamishwa mbali. Siku anaondoka alinipa mkono, akanishukuru kwa kazi nzuri.

Kisha ukaja wewe. Semina ile ya mahakimu, kwenye hoteli ya Manda, mimi nimepewa kazi ya kugawa makaratasi. Ukasimama pale mbele na miwani yako kwenye ncha ya pua, na ukumbi mzima ukatulia. Nilijaa kifua. Mara ukaanza kisa cha hakimu mmoja wa pwani aliyesikia kimya akaandika ndiyo. Hukumtaja jina, lakini wote walimjua. Wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Huyo ana masikio ya popo, anasikia wasichosikia watu." Wakazidi kucheka. Wewe hukucheka. Ulisema, "Hakimu huyu hakumtazama shahidi wake," ukaacha maneno yawaingie. Halafu ukaja mpaka nilipo, ukanishika bega ukawaambia, "Huyu ni ndugu yangu. Miaka yote hii ni mkalimani. Muulizeni yeye, atawaambia kusikiliza ni kazi gani."

Wakanipigia makofi, dada. Na mimi nikainama, nikashukuru.

Tangu siku hiyo nimelimeza hili kila ulipopiga simu. Sasa umeniambia kisa kile kinaingia kwenye kitabu cha kusomeshea mahakimu wote, wanaoanza na waliozeeka. Nikaona hapa sina pa kujificha tena. Kitabu chako hakistahili kuwa na uwongo, na uwongo wenyewe ni wangu.

Juma lililopita nilikwenda Pate. Bi Mwanakheri sasa haoni vizuri, lakini sauti yangu aliijua, akamwambia bintiye aniletee kahawa. Nikamwambia yote, pamoja na lile la ofisini. Aliniacha nimalize. Mimi nilikuwa nangoja matusi, na ningeyapokea. Akasema, "Hakimu yule nimemuombea mabaya miaka yote hii, mwanangu. Nipa ina lake nimuombee mema." Nikampa jina. Akalirudia mara tatu asilisahau. Kuhusu mimi hakusema neno, na safari hii kimya chake sikukitafsiri.

Jumatatu nilimwandikia mkuu wa mahakama yetu, nikatia sahihi. Bwana Kioko nimempelekea nakala huko aliko, na barua ya kumuomba radhi. Hajajibu, na hana deni la kunijibu. Kazi huenda ikaniponyoka. Mke wangu anajua, ameniambia bora nikae nyumbani nimwangalie usoni.

Usione nimekuandikia kwa huzuni tu. Ninajivunia wewe hata sasa, nikiwa ndani ya aibu hii. Ni somo lako lililonitoa, wewe mwenyewe hujui. Wengi wamekaa mbele yako na majoho yao, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa nyuma kabisa, na karatasi mkononi, na limeniingia.

Ninakuomba moja. Kitabu hakijachapishwa, kibadilishe. Bwana Kioko kosa lake ni kutoinua kichwa, mwandikie hilo tu. Yaliyobaki yaandike kwangu. Na utakaposimama mbele yao kukisoma, usiseme mkalimani mmoja wa pwani. Sema ni ndugu yako, utaje na jina.

Mimi, wa tumbo moja nawe,
Shee