Jabali la Sigi

Mjukuu wangu Neema,

Huku Gare hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kiume, na kabichi zimestawi.

Umeuliza kama kweli treni iliwahi kupanda milima yetu. Ilipanda, mwanangu. Nilipokuwa msichana tulimtembelea shangazi huko Muheza, na baba akanipeleka msitu wa Sigi. Reli ilishang'olewa. Alinionyesha palipokuwa na mwinuko mkali mno kwa treni kukata kona: ilisonga mbele, ikarudi kinyumenyume kwa njia ya juu zaidi, hivyo hivyo mpaka ikaushinda mlima.

Tukafika kwenye jabali lililopasuliwa katikati ili treni ipite, kuta zake ndefu kuliko nyumba. Alama za patasi zilikuwa bado zinaonekana.

"Walichonga kwa mikono?" nikauliza.

"Kwa mikono. Babu yako alikuwemo. Hakurudi nyumbani, nami nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni."

Baba, mwenye mvi tele, akavua kofia, akaweka kiganja juu ya mwamba.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nikapiga goti kwenye majani mabichi, nikamwamkia babu yangu kwa mara ya kwanza.

Akupendaye,
Bibi yako