Wimbi la Pili Uliloliona Wewe

Kerubo, rafiki yangu,

Wimbi la pili lipo. Ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekukatalia.

Nimelipata Jumanne, wiki ya pili tangu tukuzike kwenu Ekerenyo. Niliporudi huku chuoni ugenini nilikuta kipande chako cha metali, kidogo kuliko punje ya mchele, bado kimo ndani ya mashine na nyaya ulizozibandika kwa mkono wako. Nikakipoza kuliko tulivyowahi kukipoza, nikaongeza nguvu ya sumaku polepole. Ukinzani wa umeme ukaanza kupanda na kushuka, mawimbi yaleyale tuliyoyazoea. Halafu chini yake likatokea jingine dogo, linajirudia sawasawa. Maana yake humo ndani kuna kundi jingine la elektroni, lenye njia yake. Nikapima tena, na tena. Halikuondoka.

Unakumbuka nilivyokwambia mbele ya profesa? "Hizo ni kelele za nyaya, si wimbi, Kerubo. Toa kwenye makala." Ukatoa. Tulipofika nje ukasema, "Wewe mtu wa Ogembo ukishaamua, hata trekta haikusogezi." Tukacheka. Mwezi uliofuata ukaenda nyumbani likizo, na homa ya uti wa mgongo ikakuchukua kwa siku nne. Siku nne tu, Kerubo.

Baada ya mazishi mama yako alinishika mkono. "Mwanangu alikuwa anatafuta nini huko mbali?" Nikajaribu Kiswahili, nikajaribu Kikisii. Nikasema ulikuwa unachunguza umeme unavyotembea ndani ya chuma.

"Stima?"

"Ndiyo, mama. Stima."

Nikageuka nikuite unisaidie kumweleza. Kweli niligeuka.

Jana nilimpigia simu kumwambia umepata. "Amepata nini?" akauliza. Nikaanza na elektroni, nikaachia njiani. Akasema, "Haya, Ombati. Umekula?"

Profesa amekubali jina lako litangulie kwenye makala. Nitaandika wazi kwamba uliliona kwanza na kwamba mimi nilikuzuia. Na Desemba nitakwenda kukaa na mama, hata kama nitakuwa sina la kumwambia. Hayo nakuahidi. Zaidi ya hapo siwezi kitu. Naomba unisamehe, na hakuna wa kuniambia kama umenisamehe.

Pumzika, dada yangu.

Ombati