Pea Moja Iliyobaki Mchangani

Dada Mwajuma,

Hamjambo hapo Kigoma? Mimi mzima, ila moyo bado unanidunda. Kadi haina bahasha, kwa hiyo ukishaisoma ifiche, mama asiione.

Hapa Kinindo, kwenye kambi ya watoto ya likizo, sote tumegawiwa kandambili za bluu. Watoto ninaowaangalia, wanaoniita Tanti, ni ishirini, hawatulii hata niweze kuwahesabu. Basi kabla ya kuingia ziwani kila mmoja anaacha zake mchangani. Wakitoka wanavaa, na nikiona mchanga mtupu najua wametoka wote.

Leo nilikuwa nao majini, maji ya magotini tu, upepo ukaanza ghafla. Nikawatoa mbiombio. Wakavaa, wakakimbilia ndagala, dagaa wa huku, za kukaanga. Mchangani ikabaki pea moja, ndogo.

Dada, nilirudi majini na gauni langu, napapasa, naita majina huku nalia, upepo unameza kila kitu. Mara nikaguswa mgongoni. Ni Zulfa, wa miaka sita, ambaye tangu aje hajanisemesha, kazi yake kumlilia mama yake. Kazishika zile kandambili.

"Apana kulia, Tanti. Hii si ni yako?"

Nikatazama miguu yangu. Peku! Miguu hii hii ya kitoto unayoichekaga.

Wamecheka wote, nami nikacheka. Kesho tunaingia tena. Niombee dua, na umpe mama mkono wangu bila kumweleza kitu. Zulfa kasema kandambili zangu atazishika yeye.

Mdogo wako,
Asha