Bua la Matete Uliloniachia

Kigoma, Jumapili tarehe 9 Machi

Baba yangu mpendwa,

Leo nimejiapiza kukueleza yote, hata linalonitia aibu. Kifua chako kimepoa? Mama bado anasikia baridi usiku? Sisi hapa kwa Mama Mdogo tu wazima, ila redio ikitaja Uvira yeye huacha kula.

Asubuhi ile ya kukimbia Kiringye ulinikatia bua la matete ukingoni mwa mfereji, nibebee mkeka begani. Ukasema, "Shika, miye sina kingine cha kukupa." Nilipofika nililichomeka nyuma ya nyumba nianikie nguo, nikalisahau. Hiyo ndiyo aibu yangu. Mvua ziliponyesha likachipua kwenye vifundo, na kiangazi kilipokausha kila kitu, lenyewe likabaki kijani.

Shuleni kuni zimekuwa shida, vilima vimebaki vitupu. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kilimo, Madamu Josefina, anatafuta nyasi za kupikia, zenye mabua mengi, zinazokatwa na kuota tena miaka na miaka bila kupandwa upya. Alikuwa na aina moja ndefu sana, lakini jua huiua. Nikampelekea vipande vya bua lako. Akasema tuzioanishe hizo mbili, tupate mbegu ya nyasi ndefu isiyouawa na jua.

Tatizo, ile ndefu ilichanua na kumaliza kabla yetu haijafungua ua hata moja. Mwaka uliofuata nikakumbuka ng'ombe wa Bibi kule Rurambo: majani tuliyowakatia mapema yalichelewa kutoa maua. Nikaomba kuikata safu moja ya ile ndefu ikiwa bado changa.

"Mkongomani amekuja kusoma au kuchunga?" akasema Rehema, jirani yangu wa dawati.

"Nimekuja na vyote viwili," nikamjibu. Nilikata bua moja moja kwa uangalifu, maana safu ile ilikuwa ya shule.

Baba, zote mbili zilichanua katika wiki ileile. Tulifunika maua kwa mifuko ya karatasi, tukapaka chavua kwa mkono. Miche saba ikaota. Mitano ni dhaifu, lakini miwili imenipita kimo na haikunyauka kiangazi. Tulikausha mabua yake kabla ya kuyapima, kwa kuwa maji yaliyo ndani yake hayawaki motoni, na yakayazidi kwa uzito mabua ya wazazi wote wawili. Mzee Hamisi, mpishi wetu, aliivisha nayo sufuria ya maharage. Akasema, "Haya ni mabua ya watu wenye akili." Rehema sasa ndiye anayenisaidia kupalilia.

Lakini shule inataka kiwanja chenye miche hiyo ipande mihogo. Madamu ataruhusiwa kubakiza miche yangu iwapo tu ataonyesha kwamba mzazi wa miche hiyo, yaani matete yako, huchipua tena kutoka kwenye mizizi, hata baada ya kuteketea. Hapa hakuna anayejua. Wewe unajua.

Nisalimie Mama, Bibi, na dada yangu mkubwa aliyejifungua. Sijui hata jina la mtoto. Barua hii anaileta Mama Zaituni, muuza vitenge wa mtaa wa Rugenge. Atarudi huku Alhamisi, mpe jibu mkononi.

Ni mimi binti yako Furaha, nakuuliza: tulisikia askari walichoma ukingo wote wa mfereji kule Kiringye, je, shina ulilonikatia bua limechipua tena?