Kocha Mchache wa Maneno

Dublin, 7 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Uthiru kumeamkaje? Kifua kimetulia, au bado unakohoa alfajiri? Mimi ni mzima, ila zamu za hospitali zinanimaliza.

Nina neno. Mama mmoja wa pale tenisi alinitumia video. Kocha Reshma amesimama na mtoto wa Rakesh, Mhindi mwenzake, anamshika mkono, anamwelekeza, anaongea wee! Binti yangu Syokau yuko pembeni anapiga mipira kama yatima. Dakika nzima hasemeshwi. Ni bahati mbaya tu, au ni kwa sababu yule ni mtoto wao na huyu ni wetu?

Tangu mwezi wa nane wewe ndiye unayempeleka kila Jumamosi. Chunguza, usimwambie mtu. Kama ni ubaguzi, mwisho wa mwezi namtoa, hata akilia.

Binti yako,
Kasiva

Uthiru, 14 Septemba

Mwanangu Kasiva,

Barua pepe yako nimeipata. Kifua kimepoa, tangawizi ya jirani yetu Awuor imefanya kazi. Syokau ameota meno mapya mawili na anakula kama watu watatu.

Nilichunguza. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minne hachunguzi kwa macho matupu. Nilichora safu mbili kwenye karatasi, nikatia alama kila mara kocha alipofungua mdomo. Mtoto wa Rakesh: alama ishirini na sita. Syokau: tatu. Na hizo tatu nazo si mafundisho. "Lenga ule ukuta wa kijani." Basi. Hakutaja mkono wala mguu! Unajua nilivyofundisha michezo: kila kiungo kina kazi yake, na mtoto lazima aambiwe. Kwa kuwa hakuna anayemwambia, mimi humsaidia nikiwa nimekaa kwenye benchi.

Jambo jingine. Kocha aliponiona naandika, alimnong'oneza msaidizi wake, Ogutu, wakanitazama wote wawili. Sikupenda.

Baba yako

Dublin, 15 Septemba

Baba,

Nashukuru umepata nafuu, maana nataka uwe na nguvu Jumamosi. Tatu! Nilijua. Mwonyeshe hiyo karatasi ana kwa ana.

Na kuna hili. Mwezi wa saba Syokau alikuwa anavusha mipira vizuri. Jana kwenye simu ameniambia haivuki tena, eti "Mama, mkono wangu umesahau." Mkono husahau vipi? Huyo mwanamke anamharibu makusudi.

Binti yako,
Kasiva

Uthiru, 21 Septemba

Mwanangu,

Natumaini baridi ya huko haijakuuma. Sisi ni wazima. Nitakueleza yote kwa utaratibu, hata yasiyonipendeza.

Nilimwonyesha kocha karatasi. Akacheka. "Mwalimu, umekuwa inspekta wa shule? Mimi ni mtoto wa mtaa wa Ngara, usinitishe na karatasi. Safu ya tatu iko wapi?"

"Ya nani?"

"Yako wewe. Ogutu, mwambie mzee."

Ogutu akainamisha kichwa. "Jumamosi iliyopita, arobaini na moja, mzee. 'Kiwiko! Goti! Bega!' Nilihesabu."

Nikasema hayo ni mafundisho. Kocha akasema tujaribu. Ogutu alimtupia Syokau mipira ishirini nikisema kama kawaida yangu. Ikavuka sita. Kisha nikaketi nyuma ya tangi la maji, kimya, na kocha akamwambia mara moja tu alenge ukuta. Kati ya ishirini mingine, ikavuka kumi na tano.

Maelezo yake ni haya. Mtoto wa Rakesh ana wiki tatu tu, hata kushika raketi hajui, ndiyo maana anaambiwa mengi. Syokau anajua tayari. Ukimtajia kiwiko, macho yanaondoka kwenye mpira yanakwenda kwenye kiwiko. Ukimpa mahali pa kulenga, mwili unajipanga wenyewe. Na akikosa, aachwe kidogo ajitafutie kosa lake.

Inaeleweka. Lakini bado simwamini sana. Ogutu ni mtu wake. Pengine mipira ya pili ilikuwa laini. Nikipata jibu lako nitajua la kufanya.

Baba yako

Dublin, 5 Oktoba

Baba,

Nisamehe kwa wiki mbili za kimya. Sikuugua. Nilikuwa naandika na kufuta.

Mipira haikuwa laini. Najua, kwa sababu yalinipata mimi pia. Unakumbuka nilivyoacha mchezo wa kuruka juu nikiwa darasa la saba? Nilikwambia kifundo cha mguu kinauma. Hakikuuma hata siku moja. Kila nilipokimbilia ile fimbo ya kuruka nilisikia sauti yako, "Kichwa, Kasiva! Mgongo!", na nilipofika sikujua tena mimi ni nani. Ulinipenda, najua. Lakini nilichoka.

Nilimshuku kocha bure, na nitamwomba radhi mwenyewe. Syokau atabaki. Wewe, Baba, mwache getini. Usiingie.

Nakupenda.
Kasiva

Uthiru, 12 Oktoba

Mwanangu Kasiva,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mguu ule niliukanda kwa maji ya chumvi wiki nzima, na siku zote hizo sikukuuliza swali hata moja. Nisamehe.

Jana nilimwacha getini, nikaenda kunywa chai madukani Adams Arcade. Nilikunywa vikombe vitatu. Saa moja na nusu ni ndefu kwa mtu kama mimi. Nilipomchukua nikauliza, "Ilikuwaje?" Akasema, "Sawa tu, Babu."

Nilikuwa na maswali kama ishirini. Nikayameza. Njiani, tulipofika Kangemi, akaanza mwenyewe, mpira baada ya mpira, ule uliovuka na ule uliogonga wavu na kwa nini, na mpaka tunafungua mlango wa nyumba alikuwa hajamaliza.

Baba yako