Loisi Hana Mdomo

Mpendwa Mama Evelina, shikamoo. Kabla sijakufikishia shida yangu nakushukuru kwanza, maana kila Ijumaa gazeti likifika ofisini kwetu mchoraji wetu hulinyakua, hufungua ukurasa wako wakati wa chai na kutusomea kwa sauti, barua anaisoma kwa sauti ya kulia na majibu yako kwa sauti ya mama mkali, tunacheka mpaka chai inapoa, na mengi uliyowaambia wengine yamenifaa mimi bila wewe kujua. Leo zamu yangu imefika. Naomba ufiche jina langu. Watu wengine wote nimewabadilisha majina, nimewaachia majina yao wale wawili wa kuchorwa tu, kwa kuwa hao hawana wa kuwaaibisha.

Mimi ni msichana wa Kigogo, kwetu ni Gulwe, naishi hapa Makole na ninafanya kazi katika mradi unaotengeneza filamu ya katuni ya kuwafundisha watu kunawisha watoto nyuso wasipate vikope, ule ugonjwa wa macho uliompofusha bibi yangu na wengi wa rika lake, na filamu ikiisha itazungushwa vijijini na gari la sinema. Kazi yangu ni kuandika maneno ya wahusika, na kuchora ni kazi ya kijana mmoja wa kutoka Musoma ambaye nitamwita Wambura. Utaratibu wetu ni kwamba yeye huchora kwanza, picha baada ya picha, midomo inafunguka na kufumba, kisha mimi naitazama ile midomo na kutafuta maneno yatakayoenea humo, mdomo ukifunguka sana natafuta neno refu, ukifumba mapema nalikata, na hivyo ndivyo tulivyofanya tangu mwanzo, yeye mdomo, mimi maneno.

Katika filamu yuko binti anaitwa Loisi, anayepiga ngoma kuwaita kina mama waje kisimani na watoto wao, na yuko kijana anaitwa Sila anayempenda. Sasa Wambura alijifunza kuchora kwa kutazama zile kanda za katuni za nje zilizojaa sokoni siku hizi, kwa hiyo Loisi wa kwanza alikuja na kiuno cha nyigu na nywele za kufika magotini, amesimama pembeni anapiga makofi, na ngoma anapiga Sila. Nikamwambia, "Kaka Wambura, kwa kiuno hicho ndoo ya maji itamkata vipande viwili. Halafu kwetu muheme ni ngoma ya wanawake, tunaibana mapajani tunaipiga wenyewe, huyo Sila mpe zeze." Mwingine angenuna, kwanza nani anapenda kusahihishwa na mtu aliyeajiriwa nyuma yake, lakini yeye alicheka akaomba nimpeleke akaone. Tukapanda treni mpaka Gulwe, shangazi yangu Tereza akakusanya wenzake wakapiga, na Wambura akakaa chini vumbini anachora mikono yao mpaka penseli ikabaki kipande. Shangazi akamwuliza, "Mwanangu, umekuja kuchora au umekuja kuoa?" Wanawake wakaangua kicheko, naye akajibu, "Nimekuja kuchora, mama," ila alijibu akiwa ameinama.

Tuliporudi alichana Loisi wote wa zamani, kazi ya miezi, akaanza upya. Loisi wa sasa ana mapaja ya kubana ngoma na mabega ya mtu aliyezoea maji, na alipoanza kutembea kwenye kioo cha televisheni mama mfagizi wetu alisema huyu namjua, huyu ni wa kwetu. Mama Evelina, nilitoka nje nikalia kwa furaha, maana katuni nimeziona tangu nisome shule na sikuwahi kuona mtu wa kwetu ndani yake. Tangu siku hiyo nampenda huyu kaka, naandika bila kuficha, na ninamshukuru hata nikiwa nafua nguo nyumbani.

Shida ni picha za mwisho. Mimi niliandika kwamba Sila anamtuma mshenga kwa shangazi yake Loisi, kama inavyotakiwa kwetu. Wambura hakuchora mshenga. Amemchora Sila anakuja mwenyewe kisimani, kofia mkononi, na kofia yenyewe ni kama ile anayovaa Wambura kila siku, na chini ya picha ameandika kwa mkono wake, yeye ambaye hajawahi kuandika neno hata moja kwenye filamu hii, "Loisi, nikihamia mbali, utakuja na ngoma yako?" Halafu uso wa Loisi amechora macho, pua, kila kitu, mdomo hakuuchora. Nikamwuliza kulikoni, akasema, "Dada, safari hii anza wewe. Andika anachosema, mimi mdomo nitauchora nikishajua." Tena ameshapata kazi kwenye mojawapo ya hivi vituo vipya vya televisheni Dar es Salaam, filamu hii ikiisha anaondoka.

Na kuna mkuu wetu, nitamwita Bwana Sostenes, mtu mwema sana kwa mengine, amekuja akaona uso usio na mdomo akasema vizuri, uacheni hivyohivyo. Anasema binti wa Kigogo mwenye adabu akiulizwa jambo kama hilo huinama na kunyamaza, na kwamba Loisi aiweke ngoma chini kabisa ionekane ikiwekwa, kwa sababu sasa anakuwa mke wa mtu. Wambura akamwambia hiyo ya kuweka ngoma hataichora, wakatazamana, na wote wawili wakanigeukia mimi. Nikasema nitafikiri.

Sasa nafikiri mpaka kichwa kinauma. Nikiandika ndiyo, na kumbe kijana wa watu alikuwa anauliza habari za filamu tu, nitaweka wapi uso wangu. Nikinyamaza, anaondoka. Nikijibu mwenyewe bila shangazi, nyumbani watasema nimejipeleka, tena kwa mtu wa mbali. Na je, huko Dar nitakuwa nani, nitabana muheme kwenye sebule ya kupanga? Nimeshukuru kwa yote niliyopata, sasa naogopa kuomba zaidi. Nisaidie, mama, Loisi aseme nini?

Wako,
Binti wa Muheme, Makole, Dodoma

*

MAMA EVELINA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu, na shukrani zako nimezipokea kwa mikono miwili. Watu huniandikia wakiwa wamevunjwa moyo, wamefukuzwa, wamepigwa. Wewe umeniandikia ukiwa umependwa na hujui ufanye nini. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa raha yangu tu.

Sasa nikugombeze. Unaniuliza kama Sila anauliza habari za filamu? Sila hana pa kuhamia! Sila kazi yake ni kukaa kisimani na kuwanawisha watoto nyuso mpaka gari la sinema liishe mafuta. Anayehama ni mmoja tu hapo ofisini, na kofia yake umeiona. Mtu alikaa vumbini kwenu akachora mikono ya shangazi zako, akachana kazi ya miezi kwa sababu ulimwambia neno moja, akakataa amri ya mkuu wake mbele yako, na bado unataka aandike nini tena, tangazo redioni? Acha kujifanya hujui. Unajua, ila unaogopa.

Huyo kijana naye simsifu sana. Mwanaume mzima anaposa kwa penseli! Mmekaa miezi na miezi mnapendana kwa midomo ya watu wa kuchorwa, yeye anamtanguliza Sila, wewe unamsukuma Loisi, na ninyi wawili mmejificha nyuma. Loisi amefanya kazi yake, mwacheni apumzike.

Kuhusu Bwana Sostenes, mpe heshima yake halafu mwulize taratibu hiyo adabu ya kunyamaza aliisoma wapi. Mwanamke wa kwenu hupiga ngoma mbele ya wakwe, mbele ya wageni, mbele ya padri, na kijiji kizima kinacheza kwa mikono yake. Mtu huyo akiulizwa neno moja ndiyo akose sauti? Wake za watu wangapi walipiga siku ile Gulwe? Shangazi yako Tereza hajaolewa? Basi mwambie mkuu wako kwamba gari la sinema likifika Gulwe na Loisi akaweka ngoma chini kwa sababu ya ndoa, wanawake watacheka kuanzia hapo mpaka mwisho, na hakuna atakayekumbuka habari za kunawa uso. Hilo litamwingia, maana wafadhili watataka kujua watu walijifunza nini.

Mila ya mshenga usiidharau, na mimi sitakusaidia kuiruka. Lakini umeielewa kinyume. Mshenga huenda kwa wazee kuuliza kama wanakubali. Kama wewe unakubali, hilo hakuna mshenga anayelijua. Kwa hiyo mjibu kijana kwa mdomo wako, kisha mwambie atafute mtu mzima anayejua kukaa na kuongea, apande treni aende Gulwe akamwone shangazi. Shangazi mwenyewe alishauliza swali mapema, anasubiri jibu lake tu. Msijifiche wala msikimbilie Dar mkaandike barua kutoka huko. Musoma nako wapelekewe habari kwa heshima hiyohiyo.

Na la sebule ya kupanga lisikunyime usingizi. Kijana hakukuuliza kama utakuja tu. Alikuuliza kama utakuja na ngoma. Wanaume wengi wanaoniandikia hutaka mke aje na sahani. Majirani watalalamika wiki ya kwanza, wiki ya pili wataleta watoto wao wafundishwe.

Loisi aseme hivi: "Nitakuja nayo. Ila kwanza tuma mtu kwetu." Mdomo wa maneno hayo yeye atajua namna ya kuuchora. Wewe yaseme kwanza kwa sauti yako, mchana, ukimtazama.

Limebaki jambo moja. Uliniomba nifiche jina lako, nimelificha. Majina ya wenzako ulibadilisha mwenyewe, na ulifanya vizuri. Lakini Loisi na Sila uliwaacha na majina yao, binti yangu, na ofisi inayochora Loisi na Sila hapo Makole nadhani ni moja tu. Hukuniomba nisichapishe, na mimi sikutaka kukuuliza mara ya pili, maana ungekataa.

Kwa hiyo nawe kijana unayewasomea wenzako kwa sauti yangu, na bila shaka sauti imeshaanza kukukwama tangu pale kwenye treni ya Gulwe, sasa nyamaza. Weka kikombe chini. Mpe gazeti huyo dada anayejifanya anatafuta kalamu chini ya meza, amalizie yeye. Jibu lake ndilo hilo hapo juu, na linaanza na "Nitakuja nayo."